Chumba cha Watoto Ghalani

Juzi nilimkuta mfanyakazi mwenzangu, aliyetoka likizo ya uzazi, amejifungia stoo akikamua maziwa huku machozi yanamtiririka. Dada wa kazi ameondoka, akaniambia, na mtoto ameachwa kwa jirani ambaye hata hamfahamu vizuri. Nilijikuta nimerudi Sumbawanga, utotoni, baridi ya asubuhi ikiniuma masikio.

Baba alikuwa amefariki, na mama akichambua maharage kwenye ghala moja la nafaka. Bibi aliyekuwa akitulea alipougua na kurudishwa kijijini, hatukubaki na mtu. Basi mama akawa anambeba mdogo wangu mgongoni, mimi nafuata nimeshika kitenge chake, mpaka ghalani. Msimamizi hakutaka watoto, kwa hiyo mama alituficha nyuma ya magunia. Kazi yangu ilikuwa moja tu: mdogo wangu asilie.

Siku moja hakulia, alikohoa. Macho yakamtoka, midomo ikabadilika rangi. Nikapiga yowe. Mama alikuja mbio, akamlaza kifudifudi mapajani, akampigapiga mgongoni mpaka harage likatoka. Hapo ghala zima likajua kuwa tupo.

"Chukua wanao uende," msimamizi akasema. "Hapa si mahali pa kulelea watoto."

Mama alianza kumfunga mtoto mgongoni. Lakini mwanamke aliyekaa karibu naye akaweka ungo chini, akasimama.

"Basi na mimi naenda. Wangu nimemfungia ndani peke yake."

Akasimama mwingine, na mwingine tena. Mwenye ghala, mama wa makamo aliyehamia kutoka Mbeya, alisikia kelele za nyungo zimekoma, akatoka ofisini. Alimtazama mdogo wangu, kisha akawageukia akina mama.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tuliogopa, mama," mama akajibu. "Kazi tunaihitaji."

Wiki hiyohiyo chumba cha magunia matupu kilifagiliwa, kikapakwa chokaa, kikatandikwa mikeka na mablanketi. Bibi mmoja wa mtaani akaajiriwa kutulea, na akina mama wakaruhusiwa kuja kunyonyesha. Wee, chumba kile! Uji wa ulezi ukitokota kwenye jiko la mkaa, na ng'ambo ya ukuta maharage yakirushwa kwenye nyungo, sauti kama mvua inayokaribia. Bibi huyo alitubembeleza kwa nyimbo za Kifipa na kutufuta makamasi kwa pindo la khanga yake. "Ulezi bila ulezi ni kazi bure," alipenda kusema, akicheka mwenyewe. Nilikuwa mtu mzima nilipong'amua kuwa alikuwa akizungumzia uji na malezi kwa mkupuo mmoja.

Mwaka jana nilipita pale na mama. Siku hizi maharage yanachambuliwa na mashine. Chumba chetu kimejaa mifuko ya mbolea, na dirisha limezibwa kwa matofali. Mwenye ghala hayupo tena duniani, wala yule bibi. Wale wanawake walitawanyika, kila mmoja na njia yake, na wengi wetu tuliolala kwenye mikeka ile hata tukikutana barabarani hatutambuani.

Nilidhani mama atalia. Aliweka tu kiganja ukutani, penye chokaa iliyobanduka.

"Hapa," alisema, "ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kufanya kazi huku moyo umetulia."