Mwalimu Redio Ajisikiliza

Walimu wenzake walimwita Redio, na jina hilo alilivaa kama nishani. Sauti yake ilivuka ukuta, ikapita darasa la tatu, ikamfikia mpishi jikoni. Alifundisha darasa la pili kusoma na hesabu, na aliamini kabisa kwamba mtoto asiyeelewa baada ya kupigiwa kelele namna ile, basi ana lake jambo.

Mtindo wake ulikuwa mmoja tu: yeye anaanzisha jibu, darasa linamalizia. "Saba kujumlisha tano ni kumi na...?" "Mbiliii!" "Hapa pameandikwa kita...?" "Buuu!" Hata nyumbani ugonjwa ulimfuata. "Mama watoto, chakula kiko me...?" Mkewe, fundi cherehani asiye na muda wa mzaha, alimjibu bila kuinua macho, "Kiko jikoni. Kajipakulie."

Aliyeutia doa ufalme wake huo alikuwa binti mmoja wa dawati la nyuma. Wenzake wakiitikia, yeye kimya. Karatasi zake za mtihani kengele ilizikuta nusu tupu. Redio akakata shauri: huyu arudie darasa. Akamwita bibi yake, ndiye aliyekuwa akimlea, aje Ijumaa aelezwe.

Wiki hiyohiyo akafika mshauri wa ufundishaji, dada mmoja mpole. Alitaka kila mwalimu arekodiwe kwa simu akifundisha, kisha wote watazame pamoja na kuambiana ukweli. Wengine wakaanza kukohoa na kutafuta visingizio. Redio akajitosa wa kwanza, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Moyoni alishajiona akizungushwa shule zote kama mfano wa kuigwa, ikiwezekana kwa gari.

Mchana wakakusanyika ofisini kutazama video ya Redio. Kwanza alijiuliza yule mzee anayepayuka huku amewapa watoto kisogo ni nani.

"Kumbe nina kipara huku nyuma!" akasema. "Na nyumbani wamenificha!"

Wenzake wakavunjika mbavu. Kwenye video alikuwa akiuliza, akijibu, kisha akijipongeza.

"Hapo umemuuliza nani?" mwalimu wa darasa la tatu akataka kujua.

"Nimejiuliza mwenyewe," Redio akakiri. "Na nimefaulu vizuri sana."

Mshauri akasubiri kicheko kiishe. "Mwalimu, hebu mtazame huyu wa nyuma."

Binti alikuwa akihesabu vidole chini ya dawati, midomo ikicheza. Akainua mkono, akafungua kinywa. Hapohapo darasa likanguruma "mbiliii!" na mkono ukashuka. Swali la pili, hadithi ileile. La tatu, akahesabu vilevile, lakini mkono hakuuinua tena.

Redio hakucheka. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Huyu ndiye mtoto ambaye yeye mwalimu alitaka kumpotezea mwaka mzima, na kumbe hakuwahi kumwachia hata nafasi ya kuvuta pumzi.

Kesho yake aliandika ubaoni 28 + 15. "Leo hakuna kuitikia," akawaambia. "Atajibu mmoja." Akamtaja binti wa nyuma.

Lo, kunyamaza ni kazi! Jibu lilimwasha Redio ulimini. Akakaza meno, akatazama dari, akajifanya anapangusa meza iliyokwisha kupanguswa. Mtoto wa mbele akataka kudokeza, Redio akamkata jicho.

"Arobaini na..." binti akasema, akasita.

Mdomo wa mwalimu ukafunguka wenyewe. Akauziba kwa mkono uliojaa chaki.

"Arobaini na tatu."

"Umepataje?"

Akaeleza polepole, kuanzia nane na tano hadi ile moja ya kubeba, kwa kisauti ambacho Redio hakuwa amewahi kukisikia. Kisha akapewa kitabu, akasoma aya nzima, akikwama hapa na pale na kujikwamua mwenyewe. Mwalimu alifurahi mpaka machozi yakamlenga, akasingizia chaki.

Ijumaa bibi akaja. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, uso wa mtu aliyekwisha kuambiwa habari mbaya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia mjukuu wangu anarudia darasa. Wewe niambie tu, nimejiandaa."

"Hapana, bibi. Kosa lilikuwa langu. Yeye anakwenda la tatu. Anayerudia la pili ni mimi."

Alitegemea bibi acheke. Bibi hakucheka. Alimtazama kwa huruma kubwa, kipara, shati, chaki na vyote, kisha akamshika mkono.

"Pole, mwanangu," akamwambia. "Usikate tamaa. Ukitulia na kusikiliza darasani, mwakani utapita."