Mzigo Uliokataa Safu

Pale kwenye ghala la matofali walimwita Safu, na jina lilimkaa kama kofia. Miaka ishirini na miwili alipokea mizigo kwa kipimo chake mwenyewe: mzigo wa haki hupangika safu zilizo sawa. Ukikataa ishirini ishirini, utakubali kumi na tisa, au thelathini. Ukikataa zote, mtu kadokoa. Karatasi ya mzigo hakuijali. Alisema inaandikwa na mkono uleule unaoiba.

Kwa kipimo hicho alishamfukuzisha kazi dereva mmoja, Kipara, aliyeapa mpaka sauti ikamkauka.

Jumatano likaingia lori la shemeji yake, kaka wa mkewe. Karatasi ilisema matofali 10,007. Safu akapanga ishirini ishirini, yakabaki saba. Akabomoa, akapanga thelathini, yakabaki kumi na saba. Mgongo ukagoma, akahamia kwenye kalkuleta ya simu, akapanda mpaka mia. Kila safu ina mkia.

"Shemeji, umekula tofali."

"Nimekula na chai, au kavu?"

"Cheka tu. Ijumaa bosi anakutoa."

Shemeji akaacha kucheka. "Yahesabu basi."

"Nimeyahesabu. Yapo 10,007."

"Sasa?"

"Sasa mlirekebisha karatasi."

Nyumbani mkewe alimwekea chakula kwa kishindo; kaka yake alishampigia simu. Binti yao, mwalimu wa hesabu, alikuwa amepita kuwasalimia, na ndiye aliyeuliza kulikoni. Alipoelezwa, akaandika namba ile pembeni mwa gazeti, akagawa, akagawa tena, mpaka gazeti likakosa nafasi.

"Baba, hii ni namba tasa. Haigawanyiki sawasawa ila kwa moja na kwa yenyewe. Labda upange safu moja ndefu mpaka barabarani."

"Namba kubwa hivi ikose safu?"

"Ikose. Na ziko nyingi tu, baba. Haziishi."

Safu akabaki na tonge mkononi. Alisahau kulila, akasahau kulirudisha. Kisha akainuka, akavuta kopo la bati chini ya kitanda. Humo alikuwa ameitunza karatasi ya Kipara, kama mtu anavyotunza kikombe cha ushindi. Matofali 7,919.

"Na hii?"

Safari hii binti alichukua muda. Mama yake akaja kusimama mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi. Safu alitazama ile kalamu akiomba igote mahali, popote, hata kwenye namba moja tu ya ajabu ajabu inayoigawa.

Kalamu ikawekwa mezani.

"Nayo ni tasa, baba."

Safu akaivuta karatasi ya Kipara, akaiweka kando ya ile ya gazeti.

Mkewe ndipo alipozungumza. "Kesho asubuhi unaanza kwa bosi, umwambie kaka yangu si mwizi. Halafu unaenda kwa Kipara. Anakaa wapi?"

Safu akaigeuza ile karatasi, mbele na nyuma. Hakujua. Hakuwahi kuuliza.