Mama Lusajo alivyougombea uenyekiti mbele ya baba mkwe wake

Wakuu, habari za muda huu. Haya niliyaona kwa macho yangu, chumvi sijaongeza.

Nilitoka Tanga na begi moja. Basi hadi Dar, kisha treni ya Zambia iliyoharibika njiani mara kadhaa. Nilipofika Tunduma, jamaa aliyeniahidi kazi ng'ambo akawa hapokei simu.

Nikarudi nyuma hadi Ihanda, Mbozi. Nikapata kibarua kwenye mashine ya kumenya kahawa ya kikundi cha wakulima. Nilisema msimu mmoja tu. Nikakaa miaka.

(Harufu ya kahawa mbichi mpaka leo inaniita. Tuendelee.)

Mama mwenye nyumba wangu, Mama Lusajo, ndiye aliyewaongoza akina mama kuchambua na kuanika kahawa. Ila kikaoni walikaa kimya.

Msimu mmoja mwenyekiti wetu akataka tumuuzie mchuuzi mwenye gari kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Mama Lusajo akasema: nagombea.

Tatizo likawa mkwe. Kwa mila ya ukoo wa mumewe, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni wala hapazi sauti mbele yake. Akimwona njiani, anachepuka. Na baba mkwe wake, Mzee Mwazembe, hakosi kikao, tena anakaa mbele.

Siku ya uchaguzi vijana wa mwenyekiti wakaanza:

"Mwenyekiti gani huyo, mkwe akikohoa anakimbilia migombani?"

"Kikao ataendeshea jikoni, sisi tuchungulie dirishani!"

Ukumbi mzima kicheko.

Mama Lusajo akasimama. Macho akayapeleka nje, kwenye vichanja vya kuanikia.

"Kahawa tunaichuma sisi, tunaiosha sisi. Kwa nini anayekuja na gari ndiye afaidi? Nipeni msimu mmoja."

Sasa kule kura ni kupanga mstari nyuma ya unayemtaka. Nyuma ya mwenyekiti wakajaa wanaume. Nyuma ya Mama Lusajo, hakuna mtu. Hata akina mama waliangalia chini, wakimsubiri mzee.

Mzee Mwazembe akanyanyuka. Mama Lusajo akajifunika uso kwa kitenge. Mzee akazunguka kwa mbali, akaenda kusimama nyuma yake.

"Hapa mkwe wangu hanioni, nami simwoni uso. Heshima imevunjwa wapi? Njooni basi, mnaniacha kama nguzo ya umeme!"

Akina mama wakaja kwa mkupuo. Waume zao nao wakahama mmoja mmoja, wakijifanya wananyoosha miguu.

Akashinda. Kahawa tukaimenya wenyewe, bei ikawa nzuri, na wakulima wa Itaka wakamwita akawafundishe. Yule aliyekuwa akichepuka njiani!

Miguu yangu haijui kutulia. Siku naondoka moja kwa moja, nilipita ukumbini na begi langu lilelile. Kikao kilikuwa kinaendelea. Mzee Mwazembe alikuwa ameketi nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, ili mkwe wake aongee kwa nafasi.

"Mzee, nimekuja kukuaga."

Akaniinulia kidole.

"Subiri kwanza, kijana. Mwenyekiti anaongea."

Nikaweka begi chini, nikasubiri.

Nilichojifunza: mama yule alitoka kwenye comfort zone yake, lakini mzee naye aliacha kiti cha mbele.

Kwenu je, wakuu? Mwanamke gani mlimwona akithubutu, na nani alikwenda kusimama nyuma yake?