Samaki Tuliyempandisha Bibokoboko

Enzi zetu hakuna aliyepanda mlima ili kuangalia mandhari. Sisi watoto wa Baraka, mji wa kando ya ziwa Tanganyika, tulipanda kwa sababu huko juu kulikuwa na maharage, au maziwa, au shangazi aliyeolewa mbali na lazima apelekewe chumvi. Mjukuu wangu wa leo akitumwa sokoni hutafuta pikipiki, na akirudi anasema amechoka. Amechoka na nini? Kukaa? Sisi tulipanda miguu mitupu, tukitafuna matungulu, matunda mekundu ya porini, hadi meno yakafa ganzi, na tukifika kwenye mteremko wa majani mafupi tulikalia ganda la mgomba tukateleza hadi chini, kisha tukapigwa kwa kuchana nguo.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza tuliita njia ya mgongo, kwa sababu ilifuata mgongo wa mlima moja kwa moja, mawe matupu, na kuna mahali ulipanda kwa mikono na magoti. Hiyo ilikuwa ya wawindaji na ya vijana wanaotaka kusifiwa. Ya pili ilikuwa njia ya ng'ombe. Ilizunguka sana, ikafuata bonde la mto na kuvuka maji ya baridi kila mara, lakini haikuvunja mtu magoti. Mjomba wangu Asukulu, ndugu wa mama, mkulima mwenye shamba katikati ya mlima, alizijua zote mbili. Tukimuuliza ipi ni fupi, alijibu, "Fupi ni ile yenye itakufikisha."

Safari ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa kwa ajili ya ndugu yangu Juma. Alizaliwa zamani za Wabelgiji, miaka ya hamsini, na surua ikampata kabla hajaota meno. Ilipomwacha alibaki ngozi na macho, na mama naye akakaukiwa maziwa. Chini ya mlima kulikuwa na soko ambapo wafugaji walishuka na siagi na maziwa, nasi tukaenda na chumvi na mawese. Hapo mama alikutana na mwanamke wa Bibokoboko, kijiji cha wafugaji huko juu mlimani, jina lake Mama Nyamahoro. Yule mama alimwangalia mtoto, hakuuliza mengi, akatujazia kibuyu. Tangu siku hiyo kila soko kibuyu kilishuka, na akakataa kupokea chochote. Juma akanenepa. Akatambaa, akasimama, akaanza kutupiga makofi sisi wakubwa wake. Kifua tu ndicho kilikuwa bado kibovu, na bila yale maziwa kilirudi kukohoa.

Kwetu watu wa ziwa, shukrani ya namna hiyo haitolewi sokoni. Unamfuata mtu kwake, mikono imejaa. Mama alichagua mikeke minono, wale samaki wa ziwa letu, akaikausha juu ya moshi hadi ikawa rangi ya asali, akaifunga kwa majani ya mgomba. Nyumba nzima ilinukia, na hatukuruhusiwa kugusa hata mkia. Mjomba Asukulu alipokuja kutuongoza, alinusa ule mzigo akatikisa kichwa.

"Dada, bale bantu ba juu habakulake samaki. Acha hii hapa."

Mama alicheka. Mapenzi ya mjomba kwa samaki yalijulikana Baraka nzima, na siku nyingi alikuwa amekula mgao wetu kwa kisingizio cha kuonja chumvi. "Ni we unaitaka, Asukulu. Leo hautaipata." Mjomba aliporudia maneno yale njiani, mama alimnyang'anya mzigo akaubeba mwenyewe kichwani, mkono mmoja ukiushika.

Tulianza na njia ya ng'ombe, lakini mvua ilikuwa imenyesha juu na mto umejaa, ikabidi tukamate njia ya mgongo. Mimi nilikuwa bado na umri wa kubeba ndoo ndogo tu, nililia pale penye mawe. Mama aliteleza, goti likachubuka na damu ikatoka, ila ule mkono wa juu haukushuka. Samaki hawakugusa hata jiwe. Akainuka, akasema, "Bismillahi, twende."

Huko juu kulikuwa na baridi na ukungu, na majani laini ambayo sisi wa pwani ya ziwa hatukuyazoea. Mama Nyamahoro alitupokea kwa mikono miwili. Ndani ya nyumba yake vyombo vya maziwa, vya mti, vilipangwa kwenye jukwaa, kila kimoja na kifuniko chake cha kusukwa, visafi kiasi kwamba niliogopa kupumua. Mama hakungoja hata kukaa vizuri. Alifungua majani yake kwa furaha, akaiweka ile mikeke papo hapo, pembeni ya maziwa.

Watoto wa nyumba ile walishika pua wakakimbia nje. Bibi mmoja mzee, mama mkwe wa mwenyeji wetu, aliinuka bila neno akaanza kutoa vyombo kimoja kimoja, kama anayeokoa watoto kwenye nyumba inayoungua. Mjomba aliangalia miguu yake. Harufu ambayo kwetu ilikuwa sikukuu, pale ilikuwa uchafu. Mama alikusanya samaki haraka haraka, akawafunga kwa kitambaa chake cha kichwa, akabaki kichwa wazi mbele za watu, na mimi masikio yaliniwaka moto. Niliona aibu kwa ajili yake, nikaona aibu kwa ajili yetu sote tuliotoka ziwani.

Mama Nyamahoro hakukasirika. Aliuliza tu, polepole, "Mama Juma, uniambie. Juma naye anakulaka samaki?"

Mjomba alikuwa ametueleza imani yao njiani, nasi tukadhani ni hila yake ya kupata samaki: anayekula samaki akinywa maziwa, ng'ombe anaumia, kiwele kinatoa damu. Mama Nyamahoro alikuwa amempa Juma akidhani mtoto mdogo vile hajaonja. Sasa jibu moja lingeweza kukata kibuyu. Nilivuta kitenge cha mama ili akatae. Uongo ulikuwa rahisi, na Juma hakuwepo.

"Anakula," mama akasema. "Tangu meno ya kwanza. Ni mi namulishaka."

Nje yule bibi alisema kitu kwa lugha yao, na sauti haikuwa nzuri. Mama Nyamahoro aligeuka akaangalia ng'ombe wake mlangoni, amenona, ndama pembeni. Akasema, "Basi ng'ombe hajaambiwa bado. Sisi tusimuambie."

Alicheka, mjomba akacheka, hata mimi. Mama hakucheka. Tulipewa maziwa, lakini kwa kibuyu cha pembeni, si kwa vile vyombo vya jukwaani, na mama alikunywa macho chini. Mjomba aliwala wale samaki wakati wa kurudi, na kwa mara ya kwanza sikumwona akilamba vidole.

Kibuyu kiliendelea kushuka hadi Juma alipokuwa mkubwa wa kupanda kukifuata mwenyewe.

Siku hizi njia ya ng'ombe imeota majani, vita vimefanya watu waogopane. Wa ziwani hapandi hovyo, wa juu hashuki hovyo. Majuzi tulikuwa na arusi kwangu, na vijana wetu, ambao mlima wanauona dirishani tu, wakaanza kuwasema watu wa kule juu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mmoja akasema watu wale hawajawahi kumpa mtu yeyote kitu. Juma alikuwa pale kwenye kiti, mzee sasa, mnene, kifua kizima. Aliniangalia. Mimi niliangalia mikono yangu.

Mama alisema kweli wakati maziwa ya mwanawe yalikuwa hatarini. Sisi wawili tungesema, tungepata hasara gani? Kununiwa na wajukuu. Naona aibu kubwa kuliko ile ya utoto, na hii haina Mama Nyamahoro wa kuitania ikapoa. Juma aliomba maji ya kunywa, akaletewa, na vijana wakaendelea kusema.