Doa la Kahawa Darini Kwangu

Ukija kwangu Mitwero, hapa Lindi, ukakaa sebuleni, nakuomba usiangalie juu. Najua utaangalia, kila mtu anaangalia, na ukishaangalia utaliona doa la kahawa kwenye jipsamu nyeupe, kubwa kama sinia la pilau, limerusha vijidoa mpaka karibu na feni, na utaniuliza ni nini kile, na mimi itabidi nijibu, maana mke wangu Somoe amekataza katakata kulipaka rangi. Basi bora niseme mwenyewe kabla hujasikia kwa majirani: doa lile nimelitengeneza mimi, mtu mzima na ndevu zangu, fundi bomba kwa miaka kumi na nane, mbele ya wakwe zangu, siku waliyokuja kuamua kama mke wangu anarudi kwangu au harudi.

Chanzo ni mdomo wangu. Nilikwenda Dar kununua mabomba, nikafikia kwa rafiki yangu ambaye siku hizi hanywi kahawa kama sisi, yeye ana vifaa, anapima unga kwa mizani (kama anauza dhahabu), anatazama saa, anamimina maji kidogo kidogo huku anazungusha mkono, na mimi nikakaa pale siku tatu nimekodoa macho, nikanywa, nikajiona nimefunguka akili. Nikarudi Lindi na mabomba yangu na kiburi juu yake. Wiki ile ile tukapata wageni, Somoe akaleta kahawa kwenye dele lake, lile birika la shaba lenye mdomo mrefu alilokuja nalo kutoka kwao Kilwa Kivinje siku tulipooana, akammiminia kila mtu, na mimi, bila kuulizwa na yeyote, nikaonja nikasema kwa sauti: "Kahawa gani hii? Ina ladha ya maji ya kuoshea sufuria."

Wageni walicheka kidogo, kile kicheko cha mtu ambaye ameshaanza kutafuta viatu vyake. Somoe alimimina mpaka kikombe cha mwisho, akakusanya vyombo, na asubuhi nilipoamka nikamkuta amevaa buibui, mkoba begani, akaniambia, "Baba Zaina, mimi nakwenda kwetu. Kahawa ujipikie." (Zaina ni binti yetu, yuko shule ya bweni, na namshukuru Mungu haya hakuyaona.)

Mtu mwenye akili zake angepanda gari siku hiyo hiyo akamfuata kuomba radhi. Mimi niliagiza vifaa. Nilijiambia kwamba nitajifunza kupika kahawa ya maana, Somoe atarudi mwenyewe, ataonja, atakubali kwamba nilikuwa na haki, na mambo yataisha, lakini ukweli wenyewe ni kwamba nilikuwa naogopa kwenda Kivinje kutazamana naye usoni. Wiki ya kwanza nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa naiacha redio wazi nikienda kazini, ili nikirudi nikute mtu anaongea. Nilimkosa mke wangu, na badala ya kumwambia hivyo nikawa nasoma maelezo ya vifaa vya kahawa.

Vilikuja vitatu, kwenye boksi, kwa basi. Cha kwanza kilikuwa koni ya plastiki na karatasi zake za kuchujia, nikakijaza kahawa yetu ya kutwanga, nikamwaga maji, nikasubiri, na ikawa inadondoka tone moja moja, na mimi nimeshaona koki mbovu zinazotoa maji kwa kasi kuliko ile. Cha pili jagi la kioo lenye pistoni, unasukuma kwa juu, kahawa inabaki chini, hicho ni cha haraka lakini unga wetu ni laini mno, unapenya, unakuwa kama unakunywa kahawa yenye mchanga wa ufukweni. Cha tatu ndicho kilichoniteka. Birika la aluminiamu la ghorofa mbili: maji chini, kahawa katikati kwenye kikapu, ukiwasha moto maji yanapanda yenyewe kupitia kwenye kahawa yanatokea ghorofa ya juu, meusi, mazito, kama wanayoyapenda wazee. Yaani ni pampu! Fundi bomba nimeletewa pampu ya kahawa, nikose kuipenda?

Kwa wiki nzima nikawa nalitumia kila asubuhi kwa kahawa aliyonipa yule rafiki yangu, iliyosagwa chengachenga, na ilitoka vizuri, naapa. Ila niliona kasoro moja. Ubavuni, ghorofa ya chini, kulikuwa na kidude cha shaba kidogo kama chuchu, na moto ukizidi kilikuwa kinapiga mluzi na kutoa mvuke. Sasa mimi maisha yangu yote nalipwa kuzuia vitu visivuje. Nikakichomoa kile kidude, mahali pake nikakaza skruu, nikazungushia ule utepe mweupe wa kufungia koki, halafu nikazungusha utepe mwingine kiunoni pale ghorofa mbili zinapokutana, nikamalizia na spana ya bomba. Mluzi ukakoma. Nikawahurumia mafundi wa kiwandani kwamba jambo dogo kama lile liliwashinda.

Siku mbili baadaye kaka yangu Abdala akanipigia simu, akasema jiandae, wakwe zako wanakuja Jumapili, wanamleta Somoe, yatazungumzwa.

Walifika saa tano. Mjomba Salumu mbele, kofia na kanzu nyeupe, kaka yake mama yake Somoe, na kwao neno la mjomba likishatoka halijadiliwi. Nyuma yake Mama Mkubwa Tausi, ambaye ulimi wake unajulikana kuanzia Kivinje mpaka Masoko. Mwisho Somoe, buibui yake, mkoba wake ameukumbatia, macho kwenye kapeti. Upande wangu alikuwepo Abdala peke yake, na Abdala ni mtu wa kucheka hata msibani.

"Shikamoo mjomba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema Mjomba Salumu, akakaa, akavuta pumzi. "Sisi maneno tumeshayasikia. Mwanetu anasema kahawa yake umeiita maji ya sufuria. Haya. Huenda wewe unajua kuliko yeye. Tupikie yako, tunywe. Gari la kurudi linapita saa nane. Tukishakunywa ndiyo tutajua tunarudi wangapi."

Nikamtazama Somoe. Hakuinua macho. Nikawa kama kijana anayeposa, na hapo ndipo nikafanya ule uamuzi mdogo ulioniponza: badala ya kupika jikoni, nikabeba jiko la gesi, lile la mtungi mdogo, nikaliweka sebuleni juu ya stuli, mbele yao, ili Somoe aone kwa macho yake kwamba mumewe amekuwa mtu mwingine. Na kwa kuwa mgeni mwenyewe ni Mjomba, ile kahawa ya chenga nikaiona nyepesi, haina heshima. Nikatwanga nyingine kwenye kinu, pamoja na tangawizi na iliki, nikatwanga mpaka ikawa laini kama poda ya mtoto, nikaishindilia kwenye kikapu kwa mgongo wa kijiko, nikakaza kwa spana (ndiyo, nilikuja na spana sebuleni, na Abdala alishaanza kunitazama), nikawasha moto wote.

Nikaanza kuhutubia. Nikawaeleza wakwe zangu habari ya mvuke na msukumo. Dakika tatu, birika kimya. Dakika tano, kimya. Kwa kawaida inakuwa imeshapanda.

"Mkwe," akasema Mama Mkubwa Tausi, "mbona hicho chombo kinatetemeka?"

"Ndiyo kinajiandaa, mama."

Somoe akainua macho kwa mara ya kwanza. Akalitazama lile birika, akanitazama mimi, akasimama, akamshika Mama Mkubwa mkono akamvuta mpaka mlangoni, na Mjomba, ambaye hakufika umri ule kwa bahati tu, akawafuata. Nami nikanyoosha mkono nikazima gesi, nikarudi nyuma ya kochi, na hapo hapo ghorofa ya juu ikaondoka.

Sijui niseme mlio gani. Majirani walidhani ni tairi la lori. Kile kipande kilikwenda moja kwa moja darini, kikagonga, kikarudi kikaangukia kwenye kapeti ya wageni, na kahawa yote, na tangawizi yake, na iliki yake, ikapanda juu ikabandika, halafu ikaanza kushuka taratibu kama manyunyu. Mungu alituhurumia, hakuungua mtu. Ila kanzu ya Mjomba, ambaye hakuwahi kufika mlangoni, ilikuwa na madoa mabegani, na juu ya kofia yake kulikuwa na donge la kahawa limekaa sawasawa katikati.

Feni inazunguka, inatugawia.

"Mkwe," akasema Mama Mkubwa kutoka mlangoni, "hiyo ni kahawa au pampu ya kisima?"

Abdala akaanguka kwa kicheko. Sikudanganyi, ndugu yangu wa damu, mwakilishi wangu, alilala chini akashika tumbo. Mimi nikatoka nyuma ya kochi nina tope la kahawa kuanzia utosini mpaka kidevuni, nikamwona Somoe amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika, nikajua analia, nikajua basi, gari la saa nane linaondoka naye. Na sijui ujasiri ule ulitoka wapi, labda mtu akishaaibika kiasi kile hana kingine cha kulinda, nikapiga magoti pale pale kwenye kapeti.

"Mjomba, nimekosa. Nilimtukana mke wangu kwa kahawa yake mwenyewe, mbele ya watu, na yeye miaka yote kumi na moja hajawahi hata siku moja kulipua nyumba. Sijui kupika kahawa. Sijui hata kukaa peke yangu humu ndani. Naacha redio wazi nisikie mtu."

Mjomba Salumu akavua kofia, akalitazama lile donge, akalinusa. "Iliki umeweka ya kutosha," akasema. Halafu akakung'uta kofia, akakaa tena. "Lakini kahawa bado hatujanywa. Dele la Somoe liko wapi?"

"Lipo jikoni kwake," akajibu Mama Mkubwa kabla yangu. "Angekuwa ameondoka kweli, si lingekuwa Kivinje?"

Wiki tatu nimelipita lile dele kabatini, nalisogeza nipate nafasi ya vifaa vyangu, na sikuwahi kuwaza hilo. Nikasimama na tope langu usoni, nikaenda jikoni, nikalitoa, nikatia maji, nikawasha moto, halafu nikabaki nimelitazama, maana kunywa nimekunywa miaka yote, ila kupika nilikuwa sijui hata pa kuanzia. Yakachemka. Nikatia kahawa. Povu likaanza kupanda kama lina hasira na mimi.

"Epua!"

Ilikuwa sauti ya Somoe, kutoka sebuleni, nyuma ya pazia. Neno lake la kwanza kwangu baada ya wiki tatu.

"Epua, Baba Zaina, linafurika! Umeepua? Subiri lishuke. Sasa rudisha. Usikoroge! Nani kakwambia ukoroge? Tangawizi iponde tu, usiitwange. Likipanda tena epua. Mara tatu. Hesabu!"

Nikahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama mtoto wa chekechea, na kule sebuleni nikamsikia Mama Mkubwa anacheka na Abdala anahema. "Sasa nyunyizia maji ya baridi kidogo, funika, liache litulie," akasema Somoe, na sauti ilikuwa imesogea, ilikuwa hapo hapo kwenye pazia.

Nikaleta. Mjomba akapokea kikombe, akapuliza, akavuta funda, akafumba macho. Akamaliza, akanyoosha kikombe. Nikamimina. Akamaliza, akanyoosha tena. Nikamimina cha tatu, akanywa polepole, sebule nzima inamsubiri yeye, halafu akakitikisa kile kikombe kitupu mara mbili akanirudishia, kwamba ametosheka.

"Hii," akasema, "ni kahawa." Akamgeukia Somoe. "Mimi nimemaliza. Wewe unasemaje?"

Nikammiminia. Somoe akashika kikombe kwa vidole viwili, akaonja. Akakunja uso. Akatazama juu kwenye dari, akalitazama doa lote kuanzia katikati mpaka kwenye feni, akanigeukia mimi na tope langu, na ndipo nikaona macho yake: mekundu, ya mtu aliyecheka mpaka akatoka machozi.

"Ina ladha ya maji ya kuoshea sufuria," akasema.

Halafu akauweka mkoba chini, akaninyooshea kikombe. "Niongeze."

Abdala alipiga kelele kama timu yake imefunga. Mama Mkubwa alipiga vigelegele, na majirani waliokuwa wamejazana nje kwa ajili ya ule mlipuko wakaitikia bila kujua wanaitikia nini. Saa nane gari lilipita na abiria wawili tu wa kwetu, na mimi nilisimama barabarani nikawapungia mkono, kahawa imenikaukia usoni, na sidhani kama kuna mwanaume aliyetembea Mitwero siku ile amejaa raha kunizidi.

Basi mimi nimekoma. Nimekoma kuziba kitu ambacho aliyekitengeneza amekiacha wazi, na nimekoma zaidi kufungua mdomo juu ya kikombe ambacho sikukipika. Jagi la kioo linawekewa maua, koni anayo Zaina, anaitumia kama faneli, na kipande cha juu cha lile birika kimekaa rafuni pamoja na spana, kwa amri ya mwenye nyumba, ambaye siye mimi. Kahawa ya alasiri napika mimi kila siku, kwenye dele, naepua mara tatu, nahesabu. Na kila siku Somoe anaonja, anakunja uso, anasema ina ladha ya maji ya kuoshea sufuria, na anakunywa vikombe vitatu.