Mwiko Mkononi Mwangu

Kwetu mwanamume hasongi ugali. Mimi, mwenye digrii, niliusonga kila siku kwenye kibanda changu cha chakula sokoni Bwera, mji wa mpakani, na tangu nilipotoka kwetu Kasese nilikuwa nikiwaza: wakijua nyumbani, nitawaambia nini?

Asubuhi moja shangazi alinikuta. Akaninyang'anya mwiko mbele ya wateja.

"Tulikusomesha uje kuwa mke wa nani?"

Madereva wa malori wakacheka. Majibu yote niliyokuwa nimeyapanga yakanitoka kichwani, maana ugali ulishaanza kushika chini ya sufuria.

"Shangazi, nipe mwiko. Ugali unaungua."

Akautupa mwiko mchangani. "Kwangu usikanyage tena," akasema, akaondoka.

Niliuokota, nikauosha, nikarudi kusonga. Sikumwita arudi.