Anatoli Mjenga Ulimwengu

Anatoli wa hapa kwetu Buzebazeba alitutangazia kwamba anajenga ulimwengu. Mama yake, Frida, akamwuliza kama huu wa Mungu umeisha, na kama haujaisha, kwa nini banda la kuku limemshinda tangu Kwaresima.

"Mama, mimi ni mwandishi wa fantasia," akasema. "Kabla ya hadithi, lazima ulimwengu uwepo."

Basi ukawa unajengwa. Asubuhi anashuka Ujiji ufukweni, kofia ya sufi kichwani na jua linawaka, anatazama milima ya Kongo mpaka wavuvi wanadhani kafiwa. Akachora ramani. Ilikuwa Kigoma hii hii, ila ziwa kalihamishia mashariki na kila mahali kamwaga theluji. Theluji hajapata kuiona. Kwenye kitabu chake watu walianika dagaa juu ya theluji na dagaa wakakauka. Mimi nilinyamaza, maana kwa Mungu yote yanawezekana.

Kilichomtesa zaidi ni majina. Alisema zimwi likiitwa Leonardi hakuna atakayeogopa. Akajifungia chumbani, akatoka na majina ya kutisha kweli: mji wa Amogik, bandari ya Ijiju, msitu wa Abezabezub. Shujaa ni Ilotana, anayeua majoka kwa mkono mmoja. Binti mfalme ni Isinuy. Na mchawi mkongwe anayemfungia Isinuy pangoni na kuwala wachumba wanaokuja kumposa, huyo ni Anaiderev.

"Yananijia usingizini," alisema, "kama maono." Hatukumbishia. Kwa usingizi alikuwa na muda mwingi.

Alituma sura moja moja kwenye kundi la simu la jumuiya yetu, lile la kutangaziana misiba na zamu za kufagia kanisa. Majoka tuliyapita mbio. Yule Anaiderev ndiye tuliyemngoja, maana alikuwa na mdomo.

Wakati huo Anatoli alikuwa mchumba wa Yunisi, binti wa mama Verediana muuza mawese. Tangazo la kwanza la ndoa lilikuwa limeshasomwa kanisani.

Siku moja Scola wa jumuiya yetu alikuwa anasukwa saluni kwa Révérienne, yule dada wa Kirundi. Nyuma yao Catherine, wa jumuiya hiyo hiyo, alikuwa anangoja zamu yake, na sura mpya ya kitabu ikaingia kwenye simu. Scola hakuweza kugeuka, kichwa kimeshikwa, basi Catherine akaielekeza simu kwenye kioo ili mwenzake aone. Kichwa cha sura kilikuwa kwa herufi kubwa: ANAIDEREV.

"Mbona imeandikwa Verediana?" Scola akauliza.

"Wapi?"

"Si hapo kwenye kioo!"

Révérienne aliacha chanuo kichwani mwa mtu. "Yemwe!" akashangaa kwa Kirundi. Wakaanza kugeuza majina ya mahali, moja baada ya jingine. Amogik ni Kigoma. Ijiju ni Ujiji. Abezabezub ni hapa hapa tunapolala. Na sisi tuliosema kinyume shuleni ili mwalimu asituelewe, tulikuwa tumesoma yote hayo na macho yetu mawili!

Walicheka, lakini kicheko hakikukaa. Hapa kwetu ukimwita mama wa watu mchawi, hujaandika fantasia. Umemwashia nyumba moto. Kesho yake sokoni, wanawake waliopokea Ekaristi pamoja na Verediana walipita meza yake wakitazama pembeni, wakanunua mawese kwingine. Wasomaji wazuri sana, wale. Dagaa wa kwenye theluji waliwakataa, mchawi wakamwamini.

Verediana alikuja kwenye jumuiya, hakupiga kelele. Baada ya sala akamwita Anatoli katikati.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Fantasia ni nini?"

"Ni mambo ya kubuni, mama. Hayapo."

"Na jina langu ulilibuni wewe?"

Anatoli akaivuta kofia mpaka kwenye nyusi.

"Jumapili ni tangazo la pili. Siwezi kuitwa mchawi, halafu nimkabidhi binti yangu huyo huyo aliyeniita. Soma hapa. Wote wasikie nimefanya nini."

Akasoma. Mchumba wa kwanza anafika pangoni, Anaiderev anamwambia: "Kaa chini, usinisimamie kama mnara wa simu. Umekula? Hujala. Mwanaume anayekuja kuposa na njaa anatafuta mpishi, hatafuti mke."

Catherine ndiye aliyeanza kucheka. Nyumba nzima ikafuata, maana ni maneno ya Verediana, neno kwa neno, aliyomwambia Anatoli siku ya kwanza alipobisha hodi. Majoka aliyabuni mwenyewe, yakazaliwa yamekufa. Kitu pekee kilichopumua katika kitabu kile alikiokota uani kwa mama mkwe.

Verediana naye alicheka, akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Na huyo Ilotana muua majoka ni nani?"

Révérienne aligeuza herufi kwa vidole. "A-na-to-li. Mama, ni huyu!"

"Huyu? Huyu wa banda la kuku?"

Uchawi uliishia hapo. Nani amwogope mchawi ambaye adui yake ni Anatoli?

"Sasa sikiliza, baba," Verediana akasema. "Huyo mama si mchawi, ana binti, basi. Maneno yake uyaache kama yalivyo. Jumamosi utakaa kwenye meza yangu, uwasomee wanaonipita. Na Ilotana akimtaka Isinuy, kwanza ajenge."

Jumamosi alikuwa sokoni, kofia kavua, anasoma kwa sauti nyuma ya madumu ya mawese. Waliokuwa wakitazama pembeni walisimama, wakacheka, wakanunua, kama vile jana yake hawakuwa wao. Jumapili tangazo la pili likasomwa.

Sura ya mwisho ilikuja kabla ya harusi. Ilotana, muua majoka, amepiga magoti kwenye theluji, misumari mdomoni, anajenga banda la kuku huku Anaiderev akimwonyesha palipopinda. La kitabuni limekwisha, zuri, lina hadi kufuli.

La Frida bado halina mlango.